Pacha Aliyenisindikiza Kwenye Mtihani

Sehemu ya Sita

Kwa anayeanza leo, mambo yako hivi. Mimi ni Kulwa, binti wa Festo Masolwa wa Goweko, mkulima wa tumbaku na mzee wa kanisa. Nina pacha wangu, Doto. Tulimaliza kidato cha sita pamoja, yeye akafaulu, mimi nikaanguka vibaya mpaka mwalimu wetu wa kemia akanipigia simu ya pole kana kwamba nimefiwa. Nikarudia mtihani. Nikafaulu. Chuo kimoja pale Tabora mjini kikanichagua kusomea uuguzi, na mama akachinja jogoo siku ya kazi.

Halafu ikaja ile simu niliyoishia nayo wiki iliyopita. Sauti ya mwanaume, ya upole kabisa, iliniambia nafasi yangu imesimamishwa, nifike chuoni Jumatatu na mzazi wangu. Nikasema sawa. Akaongeza, "Na uje na pacha wako. Huyo ndiye tunayemtaka zaidi."

Jumatatu ikafika. Baba alivaa suti yake ya Krismasi. Tulipofika stesheni ya Goweko kusubiri treni, nilimkuta Mchungaji Amon amesimama na mkoba wake, viatu vimeng'aa, na nikajua baba amefanya yake.

Nilimwuliza baba kwa sauti ya chini, mchungaji anakwenda wapi. Akasema anakwenda na sisi. Wale wa chuo ni wasomi, alisema, hawatamsikiliza mkulima, lakini mtu wa Mungu akisimama akasema hawa watoto nawajua, watasikia.

Doto alicheka, maana Doto hucheka hata pasipo na cha kuchekesha. Akaninong'oneza kwamba tumekaa kama watu wanaokwenda kupeleka barua ya posa. Mimi sikucheka. 

Tuliposhuka Tabora tulipita mtaa wa Cheyo kwa shangazi, tukanywa chai, tukaenda chuoni kwa miguu. Baba alitembea mbele na mchungaji wakizungumza habari za mvua. Ungewaona usingedhani kwamba mmoja wao ana kitu anachomficha mwenzake.

Aliyetupokea ni yule wa kwenye simu, Bwana Valentino, afisa udahili. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akawakaribisha wazee wakae kwenye benchi la nje, kisha akatuita sisi wawili ndani. Humo alikuwamo mama mmoja wa makamo, mwalimu wa kemia wa chuo, Madam Agnetha. Alimtazama mmoja wetu, akamtazama wa pili, akarudi kwa wa kwanza. Tumezoea. Watu wote hututazama hivyo.

Bwana Valentino hakuzunguka. Alisema chuo chao hakimkatai mtu aliyerudia mtihani. Wapo wanaosema vyuo vinawabagua waliorisiti, si kweli, hapa wanapokelewa kama wengine. Ila chuo kina utaratibu wake. Aliyerudia anatazamwa mara mbili, na yanayohesabiwa ni matokeo yake ya mwisho. Ya mwanzo hayaangaliwi tena.

Akatugeuzia kioo cha kompyuta tujionee.

Mara ya kwanza: Doto ana B ya biolojia, C ya kemia, D ya fizikia. Kulwa ana E, S na F. Mara ya pili: Kulwa ana B, C na D. Doto ana E, S na F.

Nilikuwa nayajua matokeo hayo yote kwa moyo. Lakini sikuwa nimewahi kuyaona yamepangwa hivyo, yakitazamana. Hata mimi ningekuwa yeye ningeshtuka.

"Mmoja kapanda, mwenzake kashuka, tena kwa herufi zile zile," alisema Bwana Valentino. "Wasichana wawili sura moja, chumba kimoja cha mtihani. Nyie mngekuwa kwenye kiti changu mngefikiri nini?"

Doto hakuwa anasikiliza habari za kufikiri. Yeye alikuwa bado kwenye kioo. Aliuliza, kwa adabu, mbona yake ya pili yapo hapo wakati yeye aliomba nafasi hapo, pamoja nami, kwa yale ya kwanza. Bwana Valentino akamjibu kwamba hata kama hakuomba kwa hayo, aliufanya mtihani, na mfumo huyavuta wenyewe. Doto akasema lakini cheti cha kwanza anacho nyumbani, kimefungwa kwenye nailoni. Akaambiwa hicho kimeshafunikwa.

Hapo ndipo Doto alipoacha kucheka.

Msomaji, sisi hatukulijua hilo. Kwa akili zetu cheti ni kama kuku uliyemfungia bandani, utakwenda shamba, utarudi, yupo. Nani angetuambia kwamba ukiufanya mtihani wa pili, hata kwa kusindikiza tu, wa kwanza unapotea?

Na Doto alisindikiza kweli. Nilimwona kwa macho yangu. Alikaa nyuma yangu kwenye chumba cha mtihani, akaandika jina na namba, akajibu maswali mawili matatu ya juu juu, akalala. Alikuwa wa kwanza kutoka. Nilipotoka mimi, kichwa kinawaka, nilimkuta getini anatafuna karanga, akaniuliza, "Vipi, imelipa?"

Sasa Madam Agnetha akauliza swali ambalo tulikuwa tumelala na kuamka tukiomba lisiulizwe. Tuseme kila mmoja alijifanyia wake, alisema. Huyu aliyekuwa ameshafaulu, alirudia mtihani kwa sababu gani?

Tulitazamana. Nikajibu mimi, nikadanganya. Nilisema Doto alitaka kupandisha alama.

"Alitaka kupandisha, akapata F?"

 Jibu la kweli tulikuwa nalo wote wawili, lakini baba alikuwa ametukataza kulitoa mbele ya mtu yeyote.

Jibu lenyewe ni bibi yetu, Ng'washi, mama yake baba. Kwa bibi, mapacha hawatenganishwi. Mmoja akinyolewa, na mwingine ananyolewa. Mmoja akiumwa malaria, dawa tunakunywa wote wawili, mgonjwa na mzima. Tumekua hivyo. Nimemeza vidonge vingi vya Doto, na yeye vyangu, kuliko ninavyoweza kueleza kwa daktari.

Mimi nilipoanguka, bibi alisema mambo mawili. La kwanza, Doto hatakwenda chuo, maana Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa na mdogo hawezi kumruka. Akae anisubiri. La pili, kama Kulwa anakwenda kuinywa tena ile dawa chungu ya mtihani, na Doto ainywe. Akiinywa mmoja peke yake, mmoja wetu tutamzika.

Mama alilia. Baba alishinda siku nzima kwenye banda la kukaushia tumbaku, akichochea moto. Jioni akatutafuta, akasema tutajiandikisha wote, na tusilitaje jambo hilo kanisani. Doto alisema haina shida, atanisindikiza. Akanisomesha mwaka mzima pale pale bandani, mimi nikichochea kuni, yeye akisoma kwa sauti. Kila nilichokiandika kwenye ule mtihani, Doto ndiye aliyekiingiza kichwani mwangu. Lakini mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Turudi ofisini. Madam Agnetha alisema jambo hili ni jepesi. Atatupa maswali yale yale, vyumba viwili tofauti, tuandike.

Kwenye korido nilimshika Doto mkono. Nilikuwa nimepata wazo, na wakati ule niliona ni wazo zuri sana. Nilimwambia aandike kila kitu anachokijua, asibakize. Niliwaza wakiona kwamba Doto si mtu wa F, watajua yale matokeo ya pili yalikuwa utani, watamrudishia ya kwanza, na sote wawili tutasoma. Aliitikia kwa kichwa, akaingia chumba chake.

Niliandika.  Swali moja lilinishinda, lile la mwisho, nikaliacha katikati.

Madam Agnetha aliposahihisha, alitabasamu. Nilimwona. Alisema Kulwa amefanya vizuri, ila Doto amepata yote, na lile la mwisho amelijibu kwa njia mbili. Nikapumua. Nikamkanyaga Doto mguu chini ya meza kwa furaha.

Bwana Valentino alifunga kalamu yake. "Basi tumemaliza. Aliyefanya mtihani wa Kulwa tumeshamjua."

Sikuelewa mara moja. Ilibidi anieleze pole pole, kama anayemweleza mtoto. Mwenye uwezo ni Doto. Mwenye uwezo hapati F. Kwa hiyo ile karatasi ya F iliyoandikwa jina la Doto niliandika mimi, na ile nzuri yenye jina langu aliandika Doto. Nikamwambia lakini hata mimi nimefaulu haya maswali, si ameona. Akasema nimefaulu kiasi, na mtu aliyesomeshwa mwaka mzima na pacha mwenye akili namna ile, hata yeye Valentino angefaulu kiasi.

Nitasema ukweli wangu. Kwa muda mfupi nilimchukia Doto. Nilimchukia kwa zile njia mbili. Njia moja haikutosha? Na mimi ndiye niliyemtuma.

Doto akavunja amri ya baba. Aliwaeleza habari za bibi, za vidonge, za kunyolewa, za kunisubiri, yote, bila kupamba.

"Sikwenda kufanya mtihani," alisema. "Nilikwenda kunywa dawa ya mwenzangu. Nilijua yangu yako salama nyumbani."

Bwana Valentino alicheka mpaka akavua miwani. Yeye ni wa kule Bukoba, alisema kwao wana mila zao lakini hawajafika huko. Nikajua tumekwisha.

Lakini Madam Agnetha hakucheka. Alisema ana dada yake aliyeolewa Nzega na kuzaa mapacha, na amewahi kushuhudia mtoto mzima wa afya akinyweshwa dawa ya kikohozi kwa sababu mwenzake anakohoa. Jambo hili lipo, alisema. Kama mzazi atakuja hapa na kuthibitisha kwamba nyumbani kwake ndivyo ilivyo, yeye kwa upande wake ataridhika. Nafasi ya Kulwa itarudi, na hata la Doto ataliandikia maelezo kwa wakubwa wake. Bwana Valentino akafikiri, akasema sawa, mzazi aseme.

Jamani, neno moja tu. Ilibaki baba aseme ndiyo, na sote wawili tulikuwa wanachuo.

Bwana Valentino akafungua mlango, akamwita mzee Festo. Baba akainuka. Na Mchungaji Amon akainuka naye.

Nilisimama. Nilisema kwamba labda baba aingie peke yake, mchungaji apumzike nje. Mchungaji akanipiga bega kwa upole, akasema, "Mwanangu, nimepanda treni kwa ajili hii." Nani amfukuze mtu aliyekuja kukutetea? Bwana Valentino mwenyewe alishamvutia kiti.

Lazima mjue kitu. Mwaka jana palikuwa na mzee mwingine wa kanisa pale kijijini kwetu, jirani yetu. Mkewe alijifungua mapacha, ndugu wakaja wakafanya yale ya jadi, ngoma na dawa na kila kitu. Mchungaji Amon alimsimamisha mbele ya watu Jumapili, akamwondoa kwenye uzee. Aliyepewa nafasi yake kwenye kamati ya ujenzi ni baba yangu. Na baba yangu siku ile alisimama akasema kwa kinywa chake kwamba Mkristo hachanganyi.

Madam Agnetha aliuliza vizuri sana, kwa heshima, akimwita "mzee wangu". Alimwambia mabinti wamesimulia kwamba kwa desturi ya nyumbani, dawa ya mmoja hunywewa na wote wawili, na kwamba ndiyo sababu Doto alirudia mtihani pamoja na mwenzake. Je, ni kweli?

Baba alikuwa ameshika kofia magotini. Hakumtazama Madam Agnetha, hakutazama sisi. Nilijua yuko wapi. Yuko kanisani, Jumapili, amesimamishwa mbele ya watu.

Doto alianza kumwomba kwa Kinyamwezi, haraka haraka, akimwambia baba sema tu, mchungaji atasamehe, hawa hawatasamehe. Bwana Valentino akamkatisha, akasema humu tuongee lugha ya wote. Kwani mchungaji hakukisikia Kinyamwezi? Ndiyo lugha aliyozaliwa nayo. Alikuwa ameshageuza uso wote kumtazama baba.

"Mzee Festo," akasema mchungaji, "wajibu tu. Ukweli hauna taabu."

Baba akakohoa.

"Nyumbani kwangu hakuna mambo hayo," alisema. "Sisi ni watu wa kanisa. Hawa ni watoto kama watoto wengine. Hizo habari za dawa sizijui."

Mchungaji Amon aliegemea kiti, ameridhika. Alianza kuwaeleza kwamba familia hii anaifahamu, ni familia safi, na mimi nilikuwa namsikia kwa mbali kama redio ya jirani. Kila sifa aliyotupa ilikuwa inatuzika.

Sikuwa na hasira na baba, msinielewe vibaya. Hasira ingenipa nguvu. Niliishiwa tu. Nilimwona pale na kofia yake, mtu aliyekubali kuandikisha watoto wawili kwa sababu aliogopa kumzika mmoja, na sasa hawezi kulisema. Ningemwambia nini?

Madam Agnetha alimtazama mchungaji, kisha baba. Nadhani alijua. Lakini hakuwa na la kufanya, maana ndiye aliyesema mzazi athibitishe, na mzazi amekataa. Akauliza swali la mwisho, kwa sauti iliyochoka. Kama si hivyo, mzee, basi Doto alirudia mtihani kwa nini?

"Muulizeni mwenyewe," alisema baba.

Wote wakamgeukia Doto. Mchungaji naye akamgeukia, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, kama mtu anayepiga hesabu. Binti kasema hivi, baba kasema vile, na mmoja wao ni mwongo.

Doto alimtazama baba. Alimtazama muda mrefu. Kisha akakaa wima kwenye kiti, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Baba hajui lolote," alisema. "Ile habari ya dawa niliitunga mimi. Mtihani wa Kulwa niliufanya mimi."

Nilisikia mtu akisema "Doto", na ilikuwa sauti yangu. Hakunigeukia.

Bwana Valentino hakufurahi, nilidhani atafurahi. Alivaa miwani yake taratibu. Alisema kukiri huko hakukihusu chuo peke yake, watalazimika kulipeleka mbele, kwa wenye mitihani, na huko matokeo ya wote wawili yatafutwa, ya kwanza na ya pili. Hakuna chuo kitakachotugusa tena. Alimwuliza Doto kama anaelewa anachokisema. Doto akasema anaelewa.

Mchungaji Amon alifunga macho akaanza kuomba kimoyomoyo, midomo inacheza. Baba hakufunga yake.

"Kulwa," akasema Madam Agnetha, "wewe ndiye unayejua. Pacha wako anasema alikufanyia. Nikikuuliza wewe, utaniambia nini?"

Nikisema ndiyo, mwaka wangu wote kule bandani umekuwa wizi, na Doto amefungiwa maisha kwa kosa ambalo hakulifanya. Nikisema hapana, nitaambiwa nieleze basi alirudia kwa nini, na nitalieleza mbele ya mchungaji, baba yangu akiwa ameketi pale.

Baba aliinua macho akaniangalia. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumwona baba akiniomba kitu.